Kitenge Juu ya Maua ya Bahari

Aibu yangu ina harufu, na majirani wote huku mtaani kwetu Annexe wameinusa, kwa hiyo sina faida ya kuificha. Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa yule mama anayeuza makaa pale kona (yeye huongeza chumvi, na chumvi katika mkasa huu tayari ilikuwa nyingi). Niliaibika kwenye kilio, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, na aliyekuwa amelala kwenye jeneza ni mtu niliyempenda.

Mimi naitwa Mama Mireille. Sebuleni kwangu nina tangi la kioo la viumbe wa bahari, ndiyo, wa bahari, hapa Lubumbashi, ambako bahari tunaiona kwenye televisheni tu. Ndugu yangu ni dereva wa lori, anashuka mpaka Dar es Salaam, na ndiye aliyeniletea chumvi maalum ya kuchanganya maji, mawe, samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa, na mwishowe anemoni. Anemoni ni mnyama, ingawa ukimwangalia utaapa kwamba ni ua: chini amejishika kwenye jiwe kwa mguu mmoja, juu ana vidole vingi laini vinavyopepea, na wale samaki wawili hulala humo humo katikati. Ni mnyama wa kudeka. Anataka mwanga mkali, maji yanayotembea, chumvi isiyopanda wala kushuka, na akikosa kimojawapo halalamiki, anang'oa mguu wake na kuanza kutembea polepole kutafuta mahali pengine. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ndani ya tangi kuna pampu inayosukuma maji, na anemoni akifika kwenye mdomo wa pampu, basi tena. Hayo yote niliyajua. Asije mtu akasema sikujua.

Mama bukwe wangu, yaani mama wa mume wangu Célestin, alikuwa Mama Feza. Maisha yake yote aliuza samaki Kasenga, samaki wa mto Luapula, wabichi na wakavu, na moyo ulipoanza kumsumbua tulimleta akae kwetu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

“Mukamwana,” akaniambia (ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wa kiume), “hii samaki mutakula siku gani?”

“Hatukule, mama. Iko ya kuangalia.”

“Ya kuangalia!” Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Lakini aliponiona nampa anemoni kipande cha samaki, na vidole vile vikajikunja taratibu na kukivuta ndani, kicheko kilikatika. “Eh! Maua iko nakula! Siku moja itakula bantu!” (Bantu, yaani watu.) Tangu siku hiyo tangi likawa lake. Kila asubuhi alisogeza kiti, akamega kipande kidogo kabisa kwa kucha, akamlisha huku akimpa habari za nyumbani kwa Kibemba, na watoto wakaanza kumwita yule mnyama maua ya kambo, yaani maua ya bibi. Nawaambia ukweli, mimi na mama bukwe tulikuwa hatujawahi kuwa na maneno ya kusemezana kabla ya hapo. Tangi ndilo lililotukalisha pamoja.

Basi, Mama Feza akafariki, katika ule mwezi wa joto kali kabla ya mvua, na kilio kikawa kwetu. Mnajua nyumba ya kilio inavyokuwa: viti na makochi vikatolewa, mikeka ikatandikwa, wanawake wakajaa sebuleni chini, wanaume nje chini ya turubai, televisheni ikageuziwa ukutani. Kila kitu cha raha kiliondoka isipokuwa tangi, maana tangi lililojaa maji halibebeki, na pale lilipokuwa likawaka bluu yake, na samaki wale wakicheza kana kwamba wamealikwa harusini. Hakuna aliyeniambia neno. Ni mimi mwenyewe niliyeona macho ya mashangazi yakienda kule na kurudi, nikasikia kichwani mwangu maneno ambayo hata hayajasemwa: mukamwana amefiwa na mama bukwe na ameacha disco yake inawaka.

Nikazima taa ya tangi. Nikachukua kitenge changu kizuri, kile alichoniletea Mama Feza mwenyewe, nikalifunika mpaka chini. Sasa lilionekana kama meza nzuri, basi nikaweka juu picha ya marehemu, nikaweka msalaba, nikaweka mshumaa, na mashangazi wakatikisa kichwa kwa kuridhika, na mmoja akasema, “Huyu muke iko na heshima.” Nilivimba kidogo, nakiri. Nilikuwa nimejenga altare juu ya kiumbe hai.

Kesho yake mchana umeme ulikatika. Siku nyingine zote umeme ukikatika mimi hukimbia kuunganisha pampu kwenye betri ya gari, lakini sasa ningefanyaje, nitoe picha ya marehemu, nivute kitenge, nianze kuchezea nyaya mbele ya katekista anayeongoza rozari? Nikasema moyoni, utarudi. Na kweli jioni ulirudi, watu wakashusha pumzi, na chini ya kitenge nikasikia pampu ikikwaruza, krr, krr, kisha ikanyamaza, kisha ikaendelea. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Nikasema, nitaangalia baadaye. Baadaye kulikuwa na bukari, ugali wetu, ya kusonga kwa ajili ya kilio kizima.

Asubuhi ya mazishi palikuwa na harufu. Mwanzoni kidogo, ukipita karibu na ukuta. Nikafikiri ni maji ya chombo cha maua, nikayamwaga. Nikafikiri ni panya, nikafagia. Mwishowe nikachoma ubani, na ubani ukachanganyika na ile harufu vikazaa kitu cha tatu kibaya kuliko wazazi wake. Ndipo gari likafika kutoka chumba cha maiti. Jeneza likaingizwa ndani, likafunguliwa ili watu waage, na likawekwa wapi? Karibu na picha yake, pembeni ya meza yangu nzuri.

Vitambaa vikaanza kupanda puani. Mmoja, wawili, kisha mstari mzima. Wimbo ukalegea. Mjomba Kaumba, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, akasimama mlangoni akanusa, uso ukabadilika, akamwita shemeji yangu Trésor, mdogo wa Célestin, ambaye ndiye aliyekuwa ameshughulikia mambo ya chumba cha maiti.

“Trésor, bantu ba morgue balifanya nini na dada yangu?”

“Mujomba, balifanya kila kintu. Miye mwenyewe nilikuwa pale.”

“Ulikuwa pale? Sasa hii arufu ni ya nini? Ulilala?”

“Mujomba, mbele ya Mungu...”

“Acha Mungu!” Mjomba akageuka. “Bafunge. Tunaenda ku makaburi sasa hivi.”

Hapo wanawake wakalia kilio kingine kabisa, kwa sababu Béatrice alikuwa hajafika. Béatrice ni binti pekee wa Mama Feza, yaya (dada mkubwa) wa Célestin, naye anauza samaki Kasenga kama mama yake. Gari lao liliharibika njiani, alikuwa amepiga simu kwamba wanakuja, wamsubiri, wasimzike mama yake kabla hajamwona uso. Célestin akamshika mjomba mkono, “Yaya Béa iko mu njia, tungojee.” Mjomba akamjibu kwa sauti ya chini iliyoniuma kuliko makelele: “Unataka mutoto akumbuke mama yake na hii arufu?” Na Trésor, mtu mzima mwenye ndevu, akakaa chini karibu na jeneza akafunika uso.

Mimi nilikuwa nimeinama kunyoosha mshumaa. Ndipo nikaona kitenge kimelowa pembeni, na pale kilipolowa pana povu la kijivu, na nilipolisogelea macho yakanitoka machozi si ya msiba. Nikajua.

Niwaambie na lingine, maana nikilificha hili nitakuwa sijasimulia kitu. Nilisita. Niliwaza: wakifunga, wataondoka, nitabaki nyuma nisafishe, na hakuna atakayejua kamwe kwamba mukamwana mwenye heshima aliozesha samaki pembeni ya maiti. Nilimwangalia Mama Feza. Uso wake ulikuwa safi, umetulia, watu wa chumba cha maiti walikuwa wamefanya kazi yao vizuri. Na huyu mtu angeingia ardhini akiwa ameandamana na maneno kwamba alinuka kabla binti yake hajamwona, na Trésor angebeba maneno hayo mpaka kufa kwake, na yote kwa sababu mimi niliogopa macho ya mashangazi.

“Haiko mama!” Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. “Mujomba, haiko mama. Ni miye. Ni aquarium yangu.”

Nikatoa picha, nikatoa msalaba, mshumaa ukanidondoka mkekani shangazi akaukanyaga, nikavuta kitenge.

Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Katikati vilielea vipande vipande, na samaki wawili wamelala ubavu. Anemoni alikuwa ametembea gizani kutafuta mwanga, akapanda juu ya pampu wakati imelala, na umeme uliporudi ukamkuta hapo. Kitenge kilipoondoka harufu ilipanda yote kwa pamoja, na katekista akatoka nje bila kumaliza amina.

“Basi tutoe jeneza nje,” akasema mtu. “Hapana,” akasema mjomba. Kwa ukoo wao marehemu akivuka mlango amekwisha kuondoka, hasimamishwi tena uani kungojea mtu. “Dada yangu hatatoka mbele Béa hajafika. Hii maji njo itatoka.”

Na hapo, ndugu zangu, aibu yangu ikapata miguu. Ndoo zikaletwa, sufuria za kilio zikaletwa, na wanawake wenye vitambaa vyeusi kichwani wakapanga mstari kutoka sebuleni hadi uani, wakipokezana maji ya bahari, mimi wa mbele, mikono mpaka mabegani, nikichota vile vilivyobaki vya mnyama wangu vinavyoteleza kama ute wa mlenda. Maji yakamwagika kwenye mikeka. Yakamwagika kwenye viatu vipya vya mjomba. Tukaendelea kumwaga, mpaka binti yangu Mireille (na kwetu mjukuu ana ruhusa ya kutania kwenye kilio cha bibi yake, hakuna wa kumkataza) akaweka mikono kiunoni sawasawa na Mama Feza, akaiga sauti yake:

“Eh! Nilisemaka, ile maua itakula bantu! Leo imekula mukamwana wangu, aibu yote njo hii!”

Shangazi mmoja akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, kisha mwingine, na mjomba akatazama viatu vyake, mdomo ukamcheza. Trésor akainuka akachukua ndoo. Alipopita karibu yangu nikamwambia, “Unisamehe,” naye akasema, “Mwaga kwanza, shemeji.”

Béatrice alitukuta hivyo. Alishuka garini na mzigo wake kichwani, akaona mstari wa wanawake wa kilio wakimwaga maji uani, akauliza, “Munafua?” Madirisha yote yalikuwa wazi, tangi lilikuwa tupu, lakini harufu ilikuwa bado, si ile kali, sasa ilikuwa ya samaki tu, ya samaki aliyekaa juani. Akaingia, akasimama, akavuta pumzi. Nikataka ardhi inimeze. Nikaanza, “Yaya Béa, pardon, ni miye...”

Hakunisikia. Alipiga magoti, akaweka shavu lake kwenye paji la uso wa mama yake.

“Arufu ya mama,” akasema. “Ile ya wakati alikuwa anatokaka ku soko. Miye nilikuwa nangojea arufu hii hii ku mulango, njo nilikuwa najua amefika.” Kisha akalia, akalia kama mtoto, na sisi sote tulikuwa tumelowa maji, tukalia naye.

Tulimzika mchana ule. Hakuna aliyesema tena habari ya chumba cha maiti.

Ndugu yangu aliniletea anemoni mwingine baadaye, nilipomwomba, na sasa mdomo wa pampu nimeuvisha sponji, na umeme ukikatika nakimbilia betri hata kama nyumbani yuko askofu. Nimemwambia pia Mireille: siku yangu ikifika, taa ya tangi iachwe inawaka, samaki wacheze wanavyotaka, na mwenye kusema na aseme. Sitafunika tena kilicho hai ili nisifiwe mbele ya aliyekufa.

Uani kuna kiwanja kidogo ambapo Mama Feza alikuwa amepanda lengalenga. Hapo ndipo tulipomwaga maji, na chumvi ilikausha kila kitu. Nimegeuza udongo, nimeweka mbolea, mboga hazitaki. Wageni wakiuliza kwa nini hapo hakuoti kitu, namwita Mireille aeleze, maana anaeleza vizuri na anapenda sana ile sehemu ya viatu vya mjomba. Mimi naingia ndani, nasogeza kiti, namega kipande kidogo kwa kucha, nalisha maua ya kambo.