Kambare wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mama Kome, na mgeni asiyejua kazi yake angedhani ni tusi. Alikuwa mtaalamu wa viumbe wa maji baridi katika kituo kidogo kilichojengwa kando ya mto, na katika viumbe wote ambao Mungu amewajaza majini, yeye alikuwa amejichagulia wale wasio na uso. Wenzake kituoni walihifadhi samaki, ambao angalau wanajua kumtazama mtu. Mmoja alihifadhi kamba wa mtoni, na mwaka mzima alitembea na plasta vidoleni. Mama Kome alipenda kome: mnyama aliyejifungia ndani ya magamba mawili, akajizika nusu kwenye changarawe, hasemi, hakimbii, na ukimkanyaga unadhani umekanyaga jiwe.

Ukimuuliza anawapendea nini, angekuambia kwamba kome huchuja maji kutwa kucha bila kudai shukrani. Hiyo ilikuwa sababu ya kuandikia ripoti. Sababu ya kweli ni kwamba utotoni aliwahi kuokota jiwe mtoni, na jiwe likamtemea maji puani. Watoto wenzake walitimua mbio. Yeye alicheka mpaka akakaa ndani ya maji, na ukiniuliza mimi, tangu siku hiyo hajamaliza kucheka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama ujana wake wote. Alivaa suruali ya mpira iliyomfika kifuani, akashika ndoo yenye kitako cha kioo, akatumbukiza uso humo kutazama sakafu ya mto, huku waliopita darajani wakimuuliza kama amepoteza pete. Hata mume alimpata kwa ajili ya suruali hiyo. Ilipotoboka, mafundi cherehani waliikataa mmoja baada ya mwingine, isipokuwa kijana mmoja aliyeishona, akaiziba kwa gundi, kisha akashikilia kwamba ni lazima aende mwenyewe mtoni kuhakikisha haivuji. Alikwenda kuhakikisha mara nyingi kuliko gundi ilivyohitaji. Wakaoana.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na mwiba. Kome wa mto ule walikuwa wazee watupu. Kwa miaka mingi Mama Kome hakuwa ameona hata mtoto mmoja kwenye changarawe, na aina ile haikuwa na mto mwingine duniani. Wazee wakiisha, imekwisha.

Si kwamba hawakuzaa. Walizaa sana. Taabu ni kwamba mtoto wa kome hawezi kuanza maisha peke yake. Mama yake akimtoa, sharti amdake samaki, ajibanze kwenye matamvua, zile nyuzi nyekundu zilizo ndani ya shavu, akae hapo wiki kadhaa bila kumdhuru mwenyeji wake, ndipo adondoke mchangani akiwa kome kamili. Na si kila samaki anafaa. Akidaka asiye wake, mwili wa samaki humtema baada ya siku chache, naye hufa. Kwa hiyo swali la maisha yote ya Mama Kome lilikuwa moja tu: samaki wao ni yupi?

Alijaribu perege. Alijaribu mkunga. Alijaribu kila anayeogelea kwenye maji ya kasi na changarawe safi, mahali kome wanapopenda, na kila mara alikuta watoto wamekufa chini ya tangi. Mkuu wa kituo, mtu mwema aliyechoka, alimwambia huku akitazama dirishani kwamba msimu huu ukipita bure, matangi atawapa watu wa vifaranga vya perege. Na msimu huo mto mzima ulikuwa umetoa kome mmoja tu mwenye watoto tumboni.

Hapo ndipo pampu ya kituo ilipogoma. Fundi alisema anakuja kesho, na sote tunaijua kesho ya fundi. Mama Kome akambeba yule kome mzazi ndani ya ndoo, akampeleka nyumbani, akamweka bafuni kwenye beseni la bluu pamoja na kipampu cha hewa kilichobubujika taratibu. Kituoni kila kikombe kilikuwa na kibandiko chenye onyo. Nyumbani hakubandika kitu, maana nani angehitaji kuambiwa asiguse jiwe lililo ndani ya beseni? Asubuhi akatoka kwenda kumkaba koo fundi wa pampu.

Asubuhi hiyohiyo mama mkwe aliteremka kwenye basi.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, na hakuwa ametoa taarifa, kwa kuwa mtu haombi ruhusa kwenda kwa mwanawe. Mkononi alikuwa na ndoo yenye kifuniko, na ndani ya ndoo kambare mzima mzima, mnene, mwenye masharubu ya kiungwana, zawadi ya mkwe wake. Kambare ni samaki wa safari. Hupumua hewa kama mimi na wewe, na hata maji yakimwagika njiani, hafi kwa sababu ndogo kama hiyo. Mwanawe alikuwa dukani akimpima kiuno bibi harusi asiyetulia, akamwambia mama yake kwa simu kwamba ufunguo uko kwa jirani.

Mama Kome aliporudi mchana alimkuta sebuleni, amevua viatu, amenyoosha miguu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umekonda. Nimekuletea samaki, nimemweka kwenye beseni la bafuni apumzike. Jioni tunampika."

Mama Kome alibaki amesimama na mkoba begani. "Beseni lipi, Mama?"

"Lile la bluu. Si lilikuwa na jiwe? Basi mwenzangu, lile jiwe limetapika. Kambare hajamaliza kulipapasa kwa masharubu, likatoa maute meupe, nyuzi nyuzi, yakamvaa kichwa kizima. Mimi nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi nikamwaga maji yote chooni, nikasugua beseni, nikamtilia mengine."

"Na jiwe?"

"Nimelisugua kwa brashi. Liko pale, linazuia mlango wa jikoni usigonge."

Mama Kome alimpita mama mkwe bila kumjibu, jambo ambalo si adabu, akapiga magoti mlangoni. Kome alikuwa hai, amejifumba kwa nguvu zote, msafi kuliko alivyowahi kuwa tangu azaliwe. Alipomrudisha majini na kumngoja afunue mdomo, alichungulia akaona tumbo tupu. Watoto wote wa msimu walikuwa wamekwenda na maji ya choo. Kilio cha samaki, husema watu, machozi huenda na maji. Chake kilidondoka kwenye vigae vya jikoni, na mama mkwe alikiona vizuri.

"Mkwe wangu, jiwe tu hilo. Nitakutafutia jingine."

Mama Kome akaacha kulia ghafla. "Mama, umesema yalimvaa kichwa?"

"Kizima."

Akakimbilia bafuni. Akamfunga kambare kwa taulo iliyolowa, akamwinua shavu kwa kidole, akatazama. Matamvua mekundu yalikuwa yamejaa chembe nyeupe, kama yamenyunyiziwa chumvi. Hakuwahi kumjaribu kambare. Hakuna aliyewahi. Kambare ni mtu wa matope, kome ni mtu wa changarawe, na wakubwa wote wa fani walikuwa wamekubaliana kwamba hao wawili hawana la kuzungumza. Sasa watoto wa mwisho wa mto ule walikuwa mashavuni mwake, na kilichobaki ni kungoja kama atawatema au atawalea.

Kulikuwa na jambo moja la kumaliza kwanza. Alirudi sebuleni. "Mama, huyu samaki haliwi."

Kukataa zawadi ya mama mkwe ni kesi, na kesi hiyo haina wakili. Mume aliingia wakati huohuo, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akasoma nyuso mbili, akataka kurudi dukani.

"Kaa hapo," mama yake alisema. "Nimempakata samaki tangu alfajiri, watu kwenye basi wananitazama. Nafika, naambiwa haliwi. Kisa, jiwe."

Mama Kome alikaa chini, karibu na miguu yake, akamweleza yote: wazee wa mtoni, watoto wasioweza kuanza peke yao, samaki wanaowatema, matangi yanayotakiwa na watu wa perege. Mama mkwe alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Kwa hiyo hawa watoto wanapelekwa kulelewa nyumba ya watu."

"Ndiyo, Mama."

"Na kambare akiwakataa?"

"Watakufa. Na sina wengine."

Mama mkwe alitafakari huku akijikuna kiwiko. "Hawakatai," akasema. "Nimemchagua mwenyewe."

Tangu hapo bafu likawa wodi. Familia ilioga jikoni kwa zamu, mlango ukiwa umefungwa kwa kiti. Mume alishona chujio kwa kitambaa cha shela kilichobaki dukani, chepesi kuliko chote alichokuwa nacho, na kila asubuhi Mama Kome alinyonya maji ya chini ya beseni kwa mpira, akayachuja, akatazama mabaki kwa hadubini aliyoiazima kituoni na kuiweka kwenye meza ya kupigia pasi.

"Amewatema?" mama mkwe aliuliza kabla ya salamu.

"Wachache tu, Mama."

Siku ambazo perege alikuwa ametema watoto wote zilipita, na kambare alikuwa bado amewabeba. Mama Kome akaanza kutia chumvi kwenye chai. Alikwenda kazini na viatu visivyofanana, akarudi navyo bila kugundua. Alimwimbia kambare, ambaye alimsikiliza kwa masharubu. Mama mkwe alipiga marufuku kelele karibu na bafu, akamkemea hata mwanawe kwa kupiga chafya, mpaka jirani mmoja aliyesikia kwamba kuna mtu anauguzwa humo ndani akaja kutoa pole. Alionyeshwa mgonjwa. Aliondoka kimya kimya, na mtaa ukapata cha kuongea.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mume alimnong'oneza mkewe, akimtupia mama yake jicho.

"Niache na methali zako," mama yake alisema. "Lete maji safi."

Tena kambare alikula vizuri kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Halafu, asubuhi moja isiyo na dalili yoyote, Mama Kome aliinamia hadubini akaona kitu kimetua mchangani. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya chumvi. Kilikuwa na magamba mawili yanayopitisha mwanga. Alifikiri kimekufa kama wale wa miaka yote. Kisha magamba yakafunguka kidogo, ukatoka mguu mmoja mweupe, ukapapasa, ukashika, ukavuta, na mtoto wa kome akajikokota mbele kwa juhudi kubwa kabisa, akaenda umbali ambao hata sisimizi asingeuita safari.

Mama Kome aliinuka ghafla kitini.

"Nini?" mama mkwe aliuliza. "Wamekufa? Sema, mkwe wangu, usinitese."

Mama Kome akamsogezea kiti. Mama mkwe aliweka jicho kwenye hadubini, akatafuta, akalaani mashine, akapata. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Anatembea," alisema.

Hapo kicheko kikamshika Mama Kome, kicheko kile cha utotoni. Alicheka akishika meza, akacheka akishika ukuta, mume akatoka mbio jikoni na sabuni usoni, akamwona mkewe hivyo, naye akaanza kucheka kabla hajaambiwa sababu. Katikati ya hayo Mama Kome akakumbuka matangi, akachukua simu, akampigia mkuu wa kituo. Mkuu alipopokea, alichosikia ni mtu anayeshindwa kupumua.

"Pole sana," mkuu alisema kwa hofu. "Nani amefariki?"

Mama Kome alijaribu kusema neno, likageuka kicheko. Akajaribu tena. Mama mkwe akamnyang'anya simu.

"Hajafa mtu," alimwambia mkuu wa kituo. "Wamezaliwa. Kila mmoja ana mguu mmoja tu, lakini wazima."

Kisha ile sauti ya mtu aliyechoka ikarudi ikiwa nyingine kabisa. "Wangapi, Mama?"

Mama mkwe aliinama tena kwenye hadubini, akafumba jicho moja, simu akiwa ameibana begani.

"Subiri, baba," akasema. "Bado wanakuja."