Ukuta Aliousiriba Mama

Siku baba mdogo aliposema nyumba ya mama kule Mpitimbi ipigwe lipu ya saruji, nilipaswa kukataa. Nilikubali. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina kazi mjini, na niliona aibu wageni wa harusi yangu wazione kuta za udongo. Juzi nimepita Mshangano, nikamkuta mwanamke akisiriba jiko lake, na harufu ya udongo ule mbichi ikanirudisha nyumbani.

Wewe uliyekulia huku unaijua kazi yenyewe. Mahindi yakishaingia ghalani, mama alitutuma bondeni kuchimba udongo mweupe. Tuliukanyaga pamoja na kinyesi cha ng'ombe na majivu mpaka ukawa laini kama uji wa ulezi. Mama alisiriba kwa kiganja, kuanzia juu kushuka, bila kupumzika, maana ukuta ukikauka nusu huacha kovu. Chini ya dirisha alimalizia kwa kuburuta vidole vitatu. Jirani yetu akipita, hakukosa la kusema.

"Dada, leo unapaka nyumba au unajipaka mwenyewe?"

"Njoo nikupake na wewe, labda mzee wako atakutazama!"

Walicheka mpaka viazi vikaungua jikoni. Tulivila hivyo hivyo.

Mama hakuitaka saruji. "Ukuta huu unakunywa maji na kuyatoa," aliniambia. "Ukiuziba, utaoza ndani. Nami nataka kufia humu, mwanangu, karibu na kaburi la baba yako."

"Mama, hayo mambo ya zamani," nilimjibu, na fundi akaanza kazi.

Harusi ilipendeza. Mvua za mwaka wa tatu zikapenya kwenye ufa mdogo, maji yakakosa pa kutokea. Nje lipu iling'aa; ndani matofali mabichi yalikuwa yamegeuka tope. Asubuhi moja, mama akiwa shambani, ukuta wa chumba chake ukalala chini, na paa likaufuata. Nikamleta kwangu mjini, Bombambili. Kila kiangazi nilimwahidi kuijenga nyumba yake upya, na kila kiangazi nilipata sababu.

Siku hizi ukitembea Mpitimbi nzima, wanaojua kusiriba vile unawahesabu kwa vidole. Mimi nilifundishwa na aliyeijua kazi kuliko wote, nami nikamwona mshamba. Mama alifia kwangu, akiomba arudishwe nyumbani kwake. Sikuwa na nyumba ya kumrudisha.