Fundi Saa wa "Upendavyo Wewe"

Fundi saa yule alikuwa na vidole vyembamba visivyotetemeka, na jibu moja kwa kila swali la harusi yao: "Upendavyo wewe, mpenzi." Mchumba wake akiuliza kuhusu maua, upendavyo. Akiuliza kuhusu suti, upendavyo. Wala hakuinua kichwa. Lenzi jichoni, kibanio mkononi, akipuliza vumbi kwenye saa za watu kama anayepoza uji wa mtoto. Mwenye ukumbi alitaka jibu, mashangazi walitaka jibu, na binti wa watu akaanza kujiuliza kama anaolewa au anajioa mwenyewe. Kukubali kila kitu, alijisemea, ni uvivu uliovishwa adabu. Mchana mmoja akaingia dukani, akafungua daftari lake la mipango ya harusi, akasema kwa upole, "Bwana harusi naye nimembadilisha. Nimemchukua kinyozi wa hapo jirani."

"Upendavyo we..." Kibanio kikaanguka. Lenzi ikafuata. "Kinyozi yupi? Huyo mpiga kelele? Hapana! Hapana kabisa! Na yale maua siyapendi. Na suti nyeupe itanifanya nifanane na friji. Na shangazi yako asipewe kipaza sauti!"

Binti akavuta kigoda, akakaa, akachana kurasa zote alizokwisha kuandika. "Haya, bwana wangu," alisema, akijizuia kucheka. "Tuanze na maua."