Sanduku Linalokula Umeme Kama Dar Nzima

Kando ya mto, nje kidogo ya Mkange, Ausi alilinda sanduku la chuma lililopima kina cha maji. Nyati aliwahi kulipiga pembe, nalo likaendelea na kazi yake: kalamu ndani ikichora mstari wa mto unavyopanda na kushuka, kwa umeme wa betri ya gari. Wataalamu wa maji walimwambia Ausi kwamba sanduku halili kitu, betri moja ingevuka masika yote. Tena wakamwonya: mstari ukikatika, ulinzi angepewa mtu wa kijiji jirani cha Miono, pamoja na shati la kaki la mlinzi.

Kijijini Ausi alisema vingine. Kila aliyekuja na redio kuomba betri alijibiwa, "Ndugu yangu, hili linakula umeme kama Dar nzima!"

Nilikuwa mgeni pale shangazi yake alipofariki. Mwaija, binamu yake na mtani wake, alifanya wafanyavyo watani msibani: huchukua kitu cha mfiwa, wakakificha mpaka kikombolewe, na mfiwa haruhusiwi kununa. Wengine huchukua sufuria. Mwaija alichukua betri.

"Mwaija, wee! Kalamu imesimama!"

"Pole, binamu. Nikombolee kwa mbuzi."

"Mbuzi? Chukua jogoo!"

"Jogoo kwa chakula cha Dar nzima? Unaidharau Dar?"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Ausi akatazama mawingu yaliyojaa upande wa bara. Mto ungepanda wakati wowote.

"Halili kitu," alisema kwa sauti ndogo.

"Hatusikii!"

"Halili kitu! Hata betri za tochi zinalitosha!"

"Kumbe! Basi lilishe za tochi."

Waliokuja kulala matangani walikuwa na tochi zao. Wakazifungua huku wakimzomea, betri zikapangwa kichwa kwa mkia ndani ya mwanzi uliopasuliwa, zikafungwa kwa kamba, zikapelekwa mtoni, nyaya zikaunganishwa na sanduku. Kalamu ikatikisika, ikaanza kuchora.

Masika yalipokwisha, mtaalamu aliikunjua karatasi ya mstari akaona pengo jembamba kama punje ya mchele.

"Hapa pana nini, Bwana Ausi?"

"Mto ulikuja kutoa pole, bwana."

Yule bwana alicheka, akaliunganisha pengo kwa penseli. Shati la kaki likabaki Mkange. Betri ya gari ilirudi sandukuni kwa jogoo wawili, na tangu hapo kila aliyetaka kusikia taarifa ya habari alikwenda mtoni na redio yake, bila hata kuomba.