Kaka Yangu Anatembea Kwenye Kompyuta, na Mama Anataka Arudi

Barua hii imetoka Lodwar. Sisi tunamjua mwandishi wake, lakini ninyi hamtamjua. Majina yaliyomo ameyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, na ni mpiga chapa katika ofisi moja ya kanisa hapa Lodwar. Gazeti hutufikia likiwa limeshazeeka, lakini ukurasa huu ndio ninaoanza nao, na mara nyingi mimi husema wanaoandika humu matatizo yao wamejitafutia. Leo ni zamu yangu, kwa hiyo nilaumuni taratibu.

Mwaka jana wafadhili walituletea kompyuta, na mkubwa wangu akasema ofisi lazima iwe na kurasa zake kwenye intaneti. Intaneti yenyewe hapa haipo. Nilizitengeneza kurasa hizo bila kuwahi kuona hata moja, zikapelekwa Nairobi kwa disketi, na hadi leo nasikia tu kwamba zipo. Hakuna aliyenifundisha. Jenereta ikiwashwa mchana nilikaa nikabonyeza kila kitu ili nijue kinafanya nini, na nikiharibu nafunga bila kuhifadhi, naanza upya. Humo ndani nikakuta programu ya kutengeneza katuni zinazotembea. Hiyo ikaniteka kabisa. Nilianza na mbuzi, akatembea kama meza inayosukumwa. Ikabidi nitoke nje nikawaangalie mbuzi wa kweli wanavyoweka miguu, watu wakafikiri nimepotelewa na mmoja.

Wa kuulizana naye alikuwa James, kijana Msudani aliyeko kambini Kakuma, ambaye naye alijifundisha vivyo hivyo. Gari la ofisi likienda huko nampelekea disketi yenye maswali, likirudi linaniletea majibu. Kule kwao kulikuwa na skana ya kuingiza picha kwenye kompyuta. Ndipo nikafanya jambo lililonileta kwenu.

Kaka yangu mkubwa, nimwite Ewoi, alitoka nyumbani kwetu upande wa Lokori na wenzake kufuata mifugo iliyoibwa, wakaelekea Kapedo. Wengine walirudi. Yeye hakurudi, wala mwili haukuletwa. Walisema tu walimwona akianguka. Tuna picha yake moja, amesimama akionekana kwa upande, fimbo mkononi. James aliiingiza kwenye disketi, nami nikamkata Ewoi vipande, miguu peke yake, mikono peke yake, nikamwendesha kidogo kidogo. Nilitaka kujifunza mwendo wa binadamu, na mwendo ninaoujua kuliko wote ni wake. Alipotembea nililia huku nacheka.

Mama alipokuja mjini kutibiwa mguu nilimpeleka ofisini, nikamkalisha mbele ya kioo cha kompyuta. Ewoi akatembea, akavuka, akapotelea upande wa pili. Mama akasema, "Ejok, Ewoi," kama anavyosalimiwa mtu mnayepishana naye njiani. Halafu akanigeukia. "Mbona anaenda tu? Mfanye arudi."

Nami kwa ujuzi wangu wa kubonyeza-bonyeza, nikazipanga picha zilezile kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Ewoi akatokea pale alipopotelea, lakini kwa mgongo, anarudi kinyumenyume. Mama alivuta shuka akafunika uso.

"Huyo anavutwa," akasema. "Hataki kuja, mnamvuta."

Nilizima mashine. Moyo wangu haujatulia tangu siku hiyo.

Mguu umepona lakini Mama hajarudi Lokori. Anakaa kwangu, na kila asubuhi ananiuliza kama Ewoi ameshageuzwa. Kigoda cha Ewoi amekipaka mafuta, akakiweka mlangoni. Wazee walikuwa wamepanga kumaliza matanga ili mke wa Ewoi aanze maisha mengine, ila wanamsubiri Mama akubali, naye amewatumia habari kwamba mwanawe yuko njiani.

Wifi yangu alinifuata mpaka ofisini. Hakugomba, afadhali angegomba. "Wifi, mimi nimeshalia," akasema. "Watoto wameshazoea kusema baba alikufa. Sasa nyanya yao anawaambia anakuja. Wewe na mashine yako, mnataka kunirudisha wapi?" Nilimpa chai, akaiacha ikapoa.

Nikamwandikia James nikitegemea ataniambia nifute. Disketi ilirudi na maneno haya: "Sista, mimi nilikimbia kwetu bila picha ya mama. Kama ningekuwa nayo, ningekuomba umfanye anakuja kila siku. Geuza picha yote kwanza, uso iangalie huku, ndio upange miguu upya. Si ngumu."

Kweli haikuwa ngumu. Nimeshamgeuza, anakuja vizuri, uso mbele, fimbo mkononi. Mama hajui. Wazee watakuja mwisho wa mwezi ujao kuchukua jibu lake. Nikimwonyesha, labda ataridhika na kuwaruhusu wamalize matanga. Au labda atakaa mbele ya kile kioo maisha yake yote, na wifi yangu azeeke akimngoja mume wa kwenye kompyuta. Nikimfuta, Mama atabaki na mwanawe anayevutwa kinyumenyume, na aliyempa picha hiyo kichwani ni mimi, bintiye.

Tafadhali msiniandikie kwamba ni mashine tu, kwa sababu hilo hata mimi najiambia. Jana niliifungua peke yangu, nia yangu ni kukagua miguu. Ewoi akaja, akaja, na alipokaribia ukingo wa kioo nilijikuta nimesimama, nimempisha kiti.

Ndugu wasomaji, mengine yote nilijifundisha mwenyewe, ila hili sioni pa kubonyeza. Gazeti linaweza kuchelewa, wazee hawatachelewa. Nishaurini: nimwache aje, au nimfute?