Niliyemfundisha Kushika Kisu

Bado nina hasira, tena nyingi. Mimi ni mkata samaki kwenye mgahawa wa Kijapani hapa mtaani Agincourt, huu mwaka wa pili. Juzi bosi alituletea jikoni mzee wa Kijapani, kisha akatoka kupokea simu. Nikamuuliza mzee kama anajua kukata samaki. Akainamisha kichwa: “Mada mada.” Yaani bado, bado kabisa.

Nami nikamwamini! Nikamvalisha aproni, nikamshika mkono kumwonyesha kisu kinavyoshikwa. “Siyo hivyo, mzee. Nitazame mimi, mimi ni jozu.” Jozu ni hodari, neno ambalo Wajapani humsifia nalo mwenzao, hawajisifii nalo. Mzee akaitikia tu, “Asante, mwalimu.”

Bosi aliporudi alimkuta mgeni wake anapara magamba. Akamwinamia hadi kiunoni.

“Rashidi!” akanifokea. “Huyu ndiye aliyenifundisha kazi!”

Jamani, mtu mzima akiulizwa anajua, si aseme anajua? Adabu gani hii ya kuaibisha watu? Nikamgeukia nimefura: “Mzee, mbona ulisema bado?”

Akavitazama vipande nilivyokata, kimoja kimoja.

“Mimi bado najifunza,” akasema kwa upole. “Wewe umeshamaliza?”