Bendera ya Mitumba

Robota la mitumba likifunguliwa hutoa harufu ya dawa ya nondo na ya makabati ya watu wasiokujua. Nimelelewa na harufu hiyo. Mama alikuwa fundi wa cherehani huku mtaani Kongo, Kawangware, akipunguza suruali za Wazungu wanene ziwatoshe Waluhya wembamba waliokuja Nairobi kutafuta kibarua. Nilipokuwa darasa la sita bendera ya shule ilichanika, mwalimu mkuu akamwomba Mama ashone nyingine. Mimi, mtoto wa kujifungia ndani niliyecheza kalongo, ule mchezo wa baba na mama, kitandani peke yangu, nikachaguliwa kuipandisha. Nilijiona nusu rais.

Vitambaa vilitoka mlemle robotani: nyeusi suruali, kijani pazia, nyeupe shuka, nyekundu jezi ya timu fulani ya Uingereza. Nambari ya mgongoni Mama aliigeuza ndani, akasema haitaonekana. Haikuonekana kweli, mpaka nilipoivuta bendera hadi juu ya mlingoti mbele ya wazazi wote, jua likapenya. Kando ya ngao, saba kubwa, kinyumenyume.

Paredi nzima ikaangua kicheko. "Mama Nekesa!" mwalimu mkuu akafoka. "Hii ni bendera ama ni jezi? Mkataa kwao mtumwa! We Nekesa, shusha!"

Nikaikaza kamba. Nikishusha, nani tena mtaani atampa Mama hata kifungo ashone? Nisiposhusha, kiboko changu.

Mama akachomoka kwenye umati, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Usishushe. Mwalimu, hiyo suti yako si ni mimi nilikupunguzia mikono? Ilitoka robota hilihili. Nayo tuivue?"

"Ivuliwe!" akadakia mama mboga mmoja.

Mwalimu akafunga vifungo vya koti, akaanzisha wimbo wa taifa kwa sauti ya juu kupita kiasi. Tukaimba chini ya ile saba.

Siku hizi pale steji ya matatu ya 56 bendera huuzwa zikiwa tayari, zimevuka bahari ndani ya nailoni, na mvua moja tu huzichujua. Hakuna anayezihoji. Ila mimi nikifuata kitambulisho kilichopotea, karani huniuliza kwetu ni wapi hasa. Naye binamu yangu aliye ughaibuni ananiandikia kwamba dunia sasa ni kijiji, mipaka ni ushamba, nifunge virago. Rahisi kusema ukiwa na viza. Mimi, ambaye hata kwenda Kibera kusalimia shangazi ni safari ya kupangwa wiki mbili, nimewapa wote wawili jibu moja: kwetu ni hapa. Asiyeamini aje anitoe.